Miaka Saba Niliyomficha Daktari

Wapendwa, mnaonijua hapa kanisani Huruma mnajua mimi na maikrofoni hatupatani. Leo nivumilieni.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Nilibeba magunia kiwandani, na jioni napanda ngazi mpaka nyumbani, orofa ya tano, bila kupumzika. Vijana wa ploti tunayoishi wakiniuliza, "Mzae, kwani unakula nini?" najivuna wiki nzima.

Kisha moyo ukaanza vituko. Unaenda mbio, unasita, unaruka, kama ngoma inayopigwa na mtoto. Nikifika orofa ya pili naketi, pumzi zimekatika, shati limeloa jasho. Nikasema ni gesi. Nikanywa tangawizi, nikacheua sana, lakini moyo haukujali. Siku moja kiwandani miguu ikaisha nguvu, nikaanguka juu ya magunia.

Hospitalini walinibandika nyaya kifuani. Daktari, msichana wa rika la binti yangu Auma, akasoma karatasi.

"Mzee, mapigo ya moyo wako hayana mpango. Damu inaweza kutuama humo igande. Donge likipanda kwenye ubongo, hicho ndicho kiharusi. Wacha tupime hatari yako."

Akaniuliza maswali huku akiandika alama. Kisukari? Sina. Umewahi kupooza? La. Presha? Ninayo, alama moja. Umri akaunakili kutoka kitambulisho changu: miaka sitini.

"Ni alama moja tu," akasema. "Dawa ya kuzuia damu kuganda tunaweza kungoja nayo kidogo."

Nikashukuru, nikainuka haraka. Mke wangu, aliyeketi kando yangu, hakuinuka.

"Baba Auma, keti. Mwambie daktari miaka yako."

Mnaona, wakati nikitafuta kazi, viwanda vilitaka vijana. Nilipochukua kitambulisho nikajipunguzia miaka saba. Siri hiyo aliijua mke wangu peke yake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kanyaga tu," akasema. "Ukipooza, hizo ngazi nitakubeba mimi, si kitambulisho."

Niliona aibu. Niliogopa kiwanda kitajua. Hatimaye nikasema: sitini na saba.

Daktari hakucheka. "Mambo ya kiwanda siyajui, mzee. Mimi najua moyo." Akaongeza alama ya waliofikisha sitini na tano, zikawa mbili, na dawa nikaanza siku hiyo hiyo, pamoja na nyingine ya kutuliza mbio za moyo.

Mwanzoni ufizi ulitoka damu nikipiga mswaki. Nikarudi mbio. Wakanipima, wakaniambia nisiache dawa, ninunue mswaki laini. Huu ni mwaka wa pili, na mkono huu ninaowapungia una nguvu zake zote. Ngazi napanda polepole. Orofa ya tatu napumzika, wala sioni haya.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Auma kwa mdomo wake. Moyo ukirukaruka, usiutibu kwa tangawizi, nenda ukapimwe. Na ninyi wazee wenzangu mnaoinamisha vichwa, nawajua. Kuna umri wa kitambulisho na kuna umri anaoujua mama aliyekuzaa. Daktari mpeni ule wa mama.