Mto wa Kiti cha Mgeni

"Kwangu fimbo ilishastaafu," fundi cherehani aliwatangazia wazazi wenzake kwenye kikao cha shule, kifua mbele. "Kwangu ni hoja tu. Mtoto akinishinda, nampa mkono mbele ya yeyote."

Wakampigia makofi. Wengine walipiga ili akae chini, lakini makofi ni makofi.

Na hakudanganya. Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, sebule yake iligeuka bunge. Mwenye zamu ya kusema alivaa tepu ya kupimia shingoni. Asiye nayo alinyamaza, hata awe baba mwenye nyumba. Walishabishana kama paka ni mvivu kuliko mbwa, na kama kitinda mimba anapendelewa. Binti mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, alibishana mpaka wakambatiza Wakili.

Jumamosi moja fundi akamwalika mama muuza dawa, aliyekuwapo kwenye kile kikao, aje ajionee mwenyewe. Mama akaja na gauni lake la kijani, alilolishona fundi huyohuyo. Akakalishwa kwenye kiti kizuri, chenye mto mpya. Mada ikachomolewa kwenye kopo: mabaki ya kitambaa ni ya fundi au ya mteja?

Fundi akatabasamu. Hiyo angeijibu hata usingizini. Akavaa tepu, akaeleza habari za pindo, za mkasi kuteleza, za kitambaa kurudi kikilowa. "Kinachobaki ni vumbi tu," akamalizia. "Nani anadai vumbi?"

Mgeni akacheka. Wakili akapokea tepu.

"Baba, vumbi halishoni mto."

"Endelea, mwanangu," alisema fundi. Masikini, hakuwa ameliona gari linalomjia.

"Gauni la mama muuza dawa ulisema kitambaa hakikutosha kuweka mifuko. Sasa hivi ameikalia."

Mgeni akajiinua kidogo, akachungulia chini. Gauni na mto walikuwa mapacha: kijani kilekile, vimaua vilevile.

Fundi hakutafuta hoja. Aliikwapua tepu shingoni mwa binti kwa nguvu hadi ikaacha mstari mwekundu. "Funga bakuli lako! Mtoto huna adabu!"

Mgeni akachukua mkoba wake.

"Fundi," akauliza taratibu, na upole wake uliuma kuliko tusi, "ule mkono wa kumpa mtoto uko wapi?"

Akaenda zake.

Wiki nzima fundi alijiambia kwamba mafundi wote hufanya hivyo. Hoja ilikuwa nzuri sana, ila hakuthubutu kuisema kwa sauti. Jumamosi iliyofuata akamnyooshea Wakili tepu. Binti akarudi nyuma hatua moja, mkono shingoni.

"Sina hoja, baba."

"Wewe? Wewe ukose hoja?"

"Sina."

Akaenda kufua soksi zilizokuwa safi. Fundi akabaki na tepu yake, uso ukimwaka kama pasi.

Jumatatu akaufumua ule mto. Vipande vilikuwa vimekatwa ovyo, havifai hata mfuko wa sarafu. Akaenda kununua kitambaa kilekile, akashona mifuko miwili, akamshika binti mkono mpaka duka la dawa. Kulikuwa na foleni ya watu wenye mafua.

"Mama," akasema, akiitazama kaunta, "kitambaa chako kilitosha. Nilikudanganya. Na huyu alinishinda, nikamuumiza."

Akamgeukia binti, akanyoosha mkono. Wakili akautazama. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga chafya, hakuna aliyemwambia pole. Mwishowe binti akampa ncha za vidole, akazirudisha haraka.

Mama muuza dawa akaipokea mifuko, akaiweka chini ya kaunta bila kuikagua. "Anayefuata," akasema.

Njiani fundi alijaribu mzaha mmoja. Haukupata mteja. Walipokaribia nyumbani ndipo Wakili akafungua mdomo.

"Hicho kitambaa umekinunua bei gani?"

"Nusu mita, elfu tatu na mia tano."

"Vumbi ghali hilo, baba."