Konvokasiyo kwa Wazazi wa Itebero

Kule Itebero, karatasi ya konvokasiyo ililetwa na polisi wa chifu, na aliyeipokea alikwenda kuhukumiwa, kuchapwa au kupelekwa kazi ya barabara. Hatukujua maana nyingine. Kwa hiyo mwaka nilioanza shule, mkuu wa shule alipowatumia wazazi konvokasiyo ili waje kuona watoto wanavyosoma, baba yangu alichukua mkuki na mbwa, akakaa msituni siku nne. Mama akaenda peke yake. Alipiga magoti mlangoni mwa darasa, kuku mikononi, akaomba msamaha wa kosa asilolijua.

Mkuu wa shule angeweza kumwinua. Badala yake alituita tutazame.

"Muone huyu mama! Anazani hapa iko tribinali ya kuhukumu bantu!"

Darasa zima lilicheka. Na kuku yule, mkuu akamchukua. Mama hakukanyaga tena shuleni, hata siku niliyopewa diploma.

Nilirudi shuleni pale kufundisha, na diploma hiyo, katikati ya miaka ya hamsini, nikapewa darasa la wadogo kabisa, wa miaka minne na mitano. Mkuu alikuwa yule yule. Hakunitambua. Au alinitambua, akajifanya hanijui? Au kicheko kile nilikikuza mwenyewe kichwani? Niliyapindua maswali haya kila asubuhi nikifuta ubao. Hapana, kicheko nilikisikia.

Siku moja padri mkaguzi alituma habari kwamba atafika Alhamisi, atalala, na ataondoka Jumamosi. Darasa la wadogo lingebaki tu kama angeona familia zikishiriki. Mkuu akaandika karatasi, juu yake: Konvokasiyo. Akanipa niinakili kwa kila mzazi.

Kalamu yangu ikasita. Neno moja langu, kwamba karatasi hiyo ingewakimbiza wazazi, lingemwokoa mkuu.

"Unangoja nini, dada? Diploma haikukufundisha kuandika?"

"Ilinifundisha, Direkteri."

Nikaandika zote, kwa mwandiko mzuri kuliko wakati wowote.

Lakini watoto wangu wangepoteza darasa kwa ajili ya hasira yangu. Nilihesabu hatari zote, nikazihesabu tena. Mwishowe nikapita nyumba kwa nyumba: "Papa, Mama, ile karatasi ya Alhamisi muiache. Mukuje Ijumaa, darasani kwangu. Hakuna kosa, hakuna fimbo. Kila muntu alete kazi ya mikono yake."

Kwa mama yangu nilisimama muda mrefu.

"Hata weye, Mama."

"Kule? Ngoja nifikiri."

Alhamisi mabenchi yalikuwa matupu. Mkuu alivaa tai, akatoka jasho.

"Bazazi iko wapi?" padri akauliza.

"Banakuja, Padri."

Hawakuja. Nilifurahi. Nilimwacha mkuu asubiri mpaka saa sita, ndipo nikasema: "Padri, konvokasiyo inabaogopesha. Mimi nilibaalika kesho."

Ijumaa darasa lilijaa. Baba mmoja alifundisha watoto kufunga wavu wa kuwindia, nao wakahesabu mafundo. Mama wengine walichambua maharage na wadogo, wakayapanga kwa rangi. Mama yangu aliingia wa mwisho.

"Karibu, Mama, karibu sana," mkuu akasema, akitabasamu kwa sababu padri alikuwa anatazama.

Hakumkumbuka. Nilikuwa nimejiambia kwamba aibu ya jana ilitosha. Tabasamu lile likanionyesha kwamba haikutosha.

"Direkteri," nikasema kwa sauti, "huyu njo mama uliita watoto bamuchekelee. Alipiga magoti hapo unasimama."

Mikono ikasimama kwenye wavu. Mkuu akamtazama padri, kisha mama.

"Ile ilikuwa muchezo tu, dada."

"Basi cheza tena, Papa," mama akasema. "Leo bazazi bote iko hapa."

Hakuna aliyecheka. Mama akakaa, akavuta maharage karibu yake, akamwita mtoto wa kwanza. Padri akaandika kwenye daftari lake kwamba darasa litabaki.

Mkuu alisimama ukutani asubuhi nzima. Nyuma yangu kulikuwa na viti viwili vitupu. Mara nyingi niliwaza nimpe kimoja. Sikumpa.