Kamba, Kibanda, Kaburi

Nilipanda jukwaani nimevaa koti la baba wa rafiki yangu, nikamwigiza mwenye koti akiwa amekaa pale mbele, na nikasema mzaha uliokaribia kumnyima mama yake kaburi. Huo ndio upumbavu wangu. Nauweka mwanzo kabisa, usije ukasema nimeuficha katikati kama mwiba wa samaki kwenye wali.

Koti sikuliiba. Rafiki yangu ndiye aliyelileta shuleni ndani ya kiroba, nilipomwambia ni la igizo. Tuko kidato cha tatu, tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na bila yeye kunionyesha hesabu mimi saa hizi ningekuwa naendesha bodaboda Kibiti. Yeye ni Msukuma. Baba yake aliingia huku na ng'ombe wake wakati rafiki yangu bado anabebwa mgongoni. Wakakodi kipande cha shamba kwa baba mkubwa wangu, yaani kaka yake marehemu baba, wakajenga, wakalima mpunga, ng'ombe wakawaweka upande wa bondeni. Tangu siku hiyo mpaka leo wanaitwa wageni. Mtu aliyejifunza kutembea kwenye udongo wetu, anayejua matusi ya Kindengereko kunizidi mimi, ni mgeni. Niliwahi kumuuliza mwenyekiti wa kijiji ugeni huwa unaisha baada ya miaka mingapi. Akasema niache utundu.

Lakini sisi watu wa huku na Wasukuma ni watani, tangu enzi za mababu waliokuwa wanabeba mizigo hadi pwani. Na utani si kuchekana tu. Babu yangu alipofariki, mwaka juzi, bibi yake rafiki yangu, mama mzazi wa yule mwenye koti, alifika msibani, akaivuta kanzu ya babu kwenye kamba ya nguo, akaivaa juu ya kanga zake, akaanza kuzunguka uani anaburuza mguu wa kushoto kama babu na kudai kahawa kwa sauti ya babu. Shangazi zangu waliokuwa wamelia hadi sauti zimekauka, wakacheka hadi wakalia upya. Mwanawe naye alikuwa kaburini na jembe tangu alfajiri. Shimo lilipofika kiunoni akakaa chini, akasema mtani amechoka, hatoi hata kijiko cha udongo mpaka aletewe jogoo. Akaletewa jogoo, akamaliza kazi, tukamzika babu. Ndiyo utani wenyewe huo. Anayekucheka ndiye anayekuchimbia.

Yule bibi alikuwa mtani wangu hasa. Nilikuwa nikienda kwao kunywa maziwa ya mgando kwa kisingizio cha hesabu, ananipokea mlangoni:

"Huyo kaja. Watu wa pwani nyie, mkiona ng'ombe mnamtafuta magamba."

"Na nyie bibi, mkiiona bahari mnauliza itanywesha ng'ombe wangapi."

"Kunywa maziwa yangu, halafu ukanitukane huko kwenu."

Basi mwaka huu wakaja wale wa mradi. Gari jeupe, wawezeshaji wawili, mwanamume na mwanamke, na bango refu kuliko nyumba ya mwalimu mkuu: KIJIJI KIMOJA, MAKABILA MENGI, MOYO MMOJA. Kabla ya kwetu walikuwa wamepelekwa kwa boti Kiongoroni, kisiwani, na yule mwezeshaji wa kiume uso wake ulikuwa bado na rangi ya mwani kwa kichefuchefu cha mawimbi. Kwa siku tatu walitukusanya chini ya turubai, wakulima na wafugaji na sisi wanafunzi, kutufundisha utangamano. Tuligawiwa vikaratasi vya rangi, kila kundi liandike jambo zuri kuhusu kabila la jirani. Wakulima waliandika kwamba wafugaji wana maziwa. Wafugaji waliandika kwamba wakulima wana mvua. Mwezeshaji akasema huo ni mwanzo mzuri sana, akapiga picha.

Mzee mmoja aliuliza ng'ombe wakiingia kwenye mpunga inakuwaje. Baba wa rafiki yangu naye akauliza, kwa adabu, kofia mkononi, mtu akikaa miaka kumi na nne anaandikwa lini kwenye daftari la wakazi. Maswali yote mawili yakaandikwa kwenye karatasi moja pembeni yenye kichwa MAEGESHO. Kila swali gumu lilikwenda kuegeshwa hapo. Kwa ninavyojua, mpaka leo yameegeshwa, na matairi yameshaisha upepo.

Siku ya mwisho ikawa Siku ya Utangamano. Ngoma, ugali, soda, na igizo la vijana. Mwezeshaji wa kike alinivuta kando. "Nasikia wewe ndiye mchekeshaji. Tuchekeshe, ila kuwe na ujumbe." Nikamwambia ujumbe ndio kazi yangu. Ujumbe gani, sikuwa nao hata mmoja. Nilikuwa na koti na fimbo.

Nikaingia jukwaani nikiswaga kiti cha plastiki kama ng'ombe mkaidi. Kijana wa darasa letu alicheza mwenyeji.

"Mwenyeji wangu, naomba mahali pa kufunga kamba moja tu."

"Funga."

"Mwenyeji wangu, kamba inanyeshewa. Naomba nijenge kibanda."

"Jenga."

"Mwenyeji wangu, mama amenifia kibandani. Naomba kaburi."

"Zika."

Hapo nikakikalia kile kiti, nikakunja nne, nikamtazama mwenyeji kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Na wewe, unatafuta nini kwenye shamba langu?"

Turubai lilitaka kung'oka kwa kicheko. Baba mkubwa alivua kofia akajifuta machozi. Yule bibi, kwenye kiti cha mbele, alicheka hadi akakohoa, kisha akaninyooshea kidole mbele za watu: "Weye, kaburi langu utachimba weye, na jogoo hupati." Wakacheka tena. Baba wa rafiki yangu alipiga makofi matatu, polepole, kama mtu anayekung'uta vumbi. Rafiki yangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Niliviona viatu vile, nikamwona na yeye, nikainama kwa wapiga picha.

Nilipewa zawadi ya kwanza, begi la mgongoni lenye maandishi ya moyo mmoja. Wale wa mradi wakakunja bango lao wakaondoka.

Mwezi haujaisha, siku ya Jumamosi asubuhi, rafiki yangu akaja nyumbani. Hakukaa.

"Bibi amefariki."

Nikamuuliza wanazika saa ngapi.

"Hatuna pa kuzikia."

Wasukuma huzika pale pale wanapoishi. Baba yake alikuwa amekwenda kwa baba mkubwa kuomba pembe moja ya lile shamba, huko mwisho, hata mpunga haukubali. Baba mkubwa akakataa. Na usidhani ni roho mbaya ya siku moja tu. Huku kwetu kaburi ni hati. Watu wakigombea shamba mbele ya baraza la ardhi la kata, swali la kwanza huwa ni nani amelala humo. Karatasi unaweza kuichana, marehemu humchani. Aliyelijua hilo tangu zamani hakuwa na haja ya kulisema. Mimi nikaenda kulisema kwenye maiki.

Wakaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado amevaa fulana ya mradi, nakuapia, ile ile ya moyo mmoja, akasema makaburi ya kijiji ni ya Waislamu, na ardhi nje ya hapo ni ya wenyeji, labda wasafirishe. Wasafirishe wapi? Shinyanga? Na jua hili?

Nikakumbuka namba ya mwezeshaji wa kike imechapwa ndani ya begi. Nikapiga kwa simu ya rafiki yangu. Akapokea, akatoa pole ndefu, sauti laini kama ya redio. Nikamwambia njoo uongee nao, wanakusikiliza.

"Mdogo wangu, awamu hii ilikuwa ya uhamasishaji. Masuala ya ardhi yapo kwenye awamu ya pili."

"Ya lini?"

"Ndiyo tunaandika andiko la kuomba fedha."

Nikamwambia vizuri dada, nitamwambia marehemu avumilie joto, andiko linaandikwa. Akakata. Rafiki yangu akachukua simu yake, akaifuta kwenye shati kama vile nimeichafua.

Tukaenda kwa baba mkubwa. Alikuwa barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, msanii wangu. Kaa."

Sikukaa. "Baba mkubwa, ule ulikuwa mzaha."

"Mzaha ndiyo, lakini una akili. Kamba, kibanda, kaburi." Akahesabu kwa vidole, akavipenda vidole vyake. "Miaka yote hii nawapa watu shamba, sijawahi kuliona hivyo. Umenifumbua macho, mwanangu."

Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Nilitamani anipige, lakini si mtu wa kupiga, ni mtu wa hesabu.

"Yule bibi alikuja kumzika babu," nikasema. "Baba yake huyu ndiye aliyechimba."

"Na jogoo alipewa," akasema baba mkubwa, akanywa kahawa.

Hapo kitu kikakatika. Nimezoea kukasirishwa, nimefukuzwa darasani zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, lakini hasira ile ilikuwa ngeni, ilinijia baridi, nikaanza kuongea polepole kama mwalimu.

"Na sisi je, baba mkubwa? Babu yake babu alitoka Umatumbi, milimani kule, na mke na kikapu. Umetuhadithia mwenyewe kila Idi. Aliomba nini kwanza, kamba au kibanda? Wewe mtu akikuuliza shamba hili ni lako kivipi, unamwonyesha kaburi la mzee huyo. Basi leta koleo tumfukue, tumrudishe kwao mlimani. Tukimaliza, ndiyo uniambie mgeni ni nani."

Kofi lilikuja kabla kikombe hakijatua. Kahawa yenyewe iliniunguza shingoni. Sikulia, au nililia, sikumbuki na sitaki kukumbuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilimtazama usoni nikaona kwamba hakunipiga kwa utovu wangu wa adabu. Alinipiga kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Tukarudi nyumbani. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Lazima nieleze jambo moja: mama ni mjane, na mambo yetu yote, ada yangu, kesi zangu, hata mlango ukivunjika, msemaji ni baba mkubwa. Mama hajawahi kubishana naye mbele yangu. Ila mama ni Mndengereko wa hapa hapa, na ana kishamba chake cha ekari mbili alichoachiwa na mama yake. Hicho hakina msemaji.

Habari zilikuwa zimeshamfikia kabla yetu. Huku habari haina haja ya bodaboda. Akatazama shavu langu, akatazama na shingo. Akamwambia rafiki yangu, "Pole baba. Kaa hapo kwenye mkeka." Kisha akanigeukia mimi.

"Ule mzaha wako. Usemee hapa."

"Mama, si wakati wa..."

"Semea hapa nisikie. Siku ile nilikuwa jikoni nawapikia wale wenye gari."

Nikausema. Kamba, kibanda, kaburi, mpaka mwisho, nimesimama kwenye maganda ya mihogo, bila koti, bila kiti, huku rafiki yangu yuko kwenye mkeka anaangalia viatu vyake vile vile. Hakuna aliyecheka. Nilipofika "unatafuta nini kwenye shamba langu" nilijaribu kuishia njiani, mama akanisubiri mpaka nimalize. Hakunipunguzia hata neno.

Akaweka kisu chini. Akaingia ndani, akatoka na jembe na koleo, akanitupia miguuni. Nilifikiri atanipiga navyo, na kwa kweli nisingekimbia. Akafunga kanga vizuri kiunoni, kwa sababu na yeye alikuwa anakwenda kukaa na wafiwa, wa kwanza kutoka kijijini, na mpaka jioni ile sikuhesabu zaidi ya wanne. Baba mkubwa hakuwemo. Mwenyekiti hakuwemo, wala fulana yake.

Kabla ya kutoka mama alisema hivi, nayaandika yalivyotoka:

"Nenda shambani kwangu, pale penye mnazi uliokatika kichwa. Miye ndiye mwenyewe, na shemeji akiuliza, aje aniulize miye. Chimba kirefu, fisi wapo. Baba yake huyu ni mfiwa leo, asishike jembe, utachimba weye, na jogoo hupati. Na lile begi lako usilitafute, nimelitilia maganda."