Klachi ya Magige

Katika Bunda yote ya miaka ile ya kwanza ya Uhuru, hakuna mtu aliyeuheshimu mguu wake wa kushoto kama Magige. Wengine mguu wa kushoto walikuwa nao tu, wa kuusindikiza ule wa kulia. Wa Magige ulikuwa na kazi. Ulikanyaga klachi ya lori la chama cha ushirika, lililozunguka vijijini kukusanya pamba na kuipeleka kiwandani. Lori lilikuwa kongwe na giaboksi yake ilikuwa na roho mbaya. Dereva asiyejua kukanyaga klachi mara mbili na kuisikiliza injini aliishia kukwama katikati ya mlima, magunia juu, utingo chini anahangaika kutafuta jiwe la kuzuia tairi. Utingo wa Magige hakuwahi kutafuta jiwe. Watu walimwita Bwana Gia, naye jina hilo alilivaa kama koti la Krismasi, ila yeye hakulivua hata siku za kazi.

Sasa, mtu akishapewa jina, mdomo nao hutaka kulitumia. Siku moja afisa mmoja alipita Bunda na gari lisilo na klachi, aina ile ya otomatiki, inayojibadilishia gia yenyewe. Madereva walilizunguka pale penye pampu ya mafuta, wakastaajabu. Magige alichungulia dirishani, akageuka.

"Hii siyo gari, ni kitanda," alisema. "Dereva analala tu, gari inajiendea. Gari ya namna hii hata mke wangu angeendesha."

Walicheka wote, na aliyecheka kuliko wote ni Luhende, dereva mwenzake, mtu aliyesahau kila kitu duniani isipokuwa maneno ya wenzake. Haya nayo aliyaweka akiba.

Haukupita muda mrefu, mgodi wa dhahabu wa Kiabakari ukafungwa, na Wazungu wa pale wakaanza kuuza vitu vyao. Mmoja alikuwa na gari aina ya Humber, nyeusi, ndefu, inayong'aa kila mahali panapoweza kung'aa. Magige aliiona mara moja akakosa usingizi. Ng'ombe alikuwa nao: alikuwa akiwakusanya kwa ajili ya kuoa mke wa pili, na mkewe Wankyo alikuwa ameshajiandaa kununa. Magige akawauza ng'ombe wote akanunua gari. Wankyo akabaki na mnuno wake, hana pa kuupeleka.

"Afadhali mke mwenza wa bati," alimwambia jirani yake. "Halimi, lakini pia hajibu."

Mzungu alikuwa na haraka ya kuondoka, na Magige alikuwa na aibu ya kuuliza maswali. Kwa hiyo ni baada ya yule bwana kwenda zake ndipo Magige alipokaa kwenye kiti, akanyoosha mguu wake wa kushoto, ule mguu wenye jina, na mguu haukukuta kitu. Aliipapasa klachi kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Kulikuwa na breki, kulikuwa na pedali ya mafuta, basi. Kwenye usukani kulining'inia kijiti chembamba chenye herufi. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda, na ng'ombe hawarudi eti kwa sababu mnunuzi hakutazama chini.

Mtu mwingine angeliuza. Lakini ili auze ingebidi aseme kwa nini anauza, na Luhende alikuwa hai. Basi Magige aliliendesha gari taratibu kwa njia za pembeni hadi Musoma, kwa fundi mmoja aliyeitwa Rafaeli, akamwapisha kwanza ndipo akamweleza. Rafaeli alikuwa mtu wa huruma. Alichukua mkono wa gia wa lori bovu, wenye kirungu juu, akaufunga kwa nati katikati ya sakafu. Chini yake hapakuwa na chochote. Kisha akaweka pedali yenye springi, iliyokwenda chini na kurudi juu vizuri kabisa. Ilikuwa klachi safi, haikukosa kitu isipokuwa kazi.

Tangu siku hiyo Magige alifanya kazi ambayo hakuna dereva mwingine aliyewahi kuifanya. Alikanyaga, akang'ata mdomo wa chini, akasukuma mkono wa gia mbele, akauvuta nyuma, akaachia. Shida ni kwamba gari halikuwa na subira. Lilibadilisha gia lenyewe kwanza, naye akafuata mbio, mtu mzima na heshima zake, akithibitisha jambo ambalo lilikuwa limeshatendeka. Alirudi nyumbani amechoka kuliko siku za lori. "Giaboksi yake nzito," aliwaambia watu huku akijifuta jasho, na jasho lilikuwa la kweli. Jambo moja tu lilimsumbua: petroli ilipungua hata siku ambazo gari lilikuwa limelala. Rafaeli aliliunga tangi, kisha akaliunga tena, na petroli ikaendelea kupungua.

Ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Magige, ambaye alikuwa ameshaacha kazi ya lori na kubaki na mashamba yake ya pamba, aliacha mji wake wa porini akaletwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kipya upande wa Mugeta, nyumba zimepangwa mistari. Humber nayo ikapangwa, na hapo ikaanza kuonekana kama mgeni aliyekuja msibani amevaa mkufu. Mwenyekiti wa kijiji, Thadeo, mtu wa haki na mpole wa maneno, alilileta jambo kwenye mkutano.

"Ndugu Magige, hakuna anayekunyang'anya," alisema. "Tunauliza tu. Gari ikiwa ya kubebea wagonjwa wa kijiji, kijana mwingine hawezi kufundishwa akaiendesha?"

Magige alisimama, akakohoa. "Ndugu Mwenyekiti, kufundishwa anaweza. Lakini hii giaboksi ni ngumu. Mimi mwenyewe, na mguu huu, ilikuwaga inanitoa machozi. Kijana akiivunja, spea tutatoa wapi?"

Mkutano ukautazama mguu wake kwa heshima. Ikaamuliwa kwamba gari libaki kwake na wagonjwa awapeleke yeye. Wangejua kwamba mtu yeyote mwenye mguu mmoja na akili kidogo angeweza kuliendesha, gari lingetoka uani kwake jioni ile ile, na jina lake lingetoka nalo. Wengine walizungushia ng'ombe wao ua wa miiba. Magige alizungushia gari lake klachi isiyokuwepo, na hakuna mwizi aliyeweza kuiruka.

Lakini Mungu naye ana utani wake. Siku moja wanaume walikuwa wakisaidiana kuezeka nyumba za kijiji, Magige akateleza juu ya paa akaanguka, mguu ukavunjika. Angeweza kuvunjika mkono. Angeweza kuvunjika mguu wa kulia, na hapo kweli asingeweza kuendesha. Ukavunjika wa kushoto, ule ambao ndani ya gari lake haukuwa na kazi yoyote duniani.

Jeska, mhudumu wa zahanati, aliufunga kwa vijiti. Mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba na kubadilika rangi.

"Huu ni wa hospitali ya Musoma, na ni leo," alisema. "Ukisubiri lori la pamba, wataukata."

Watu wote waliitazama Humber, kisha wakamtazama Magige. Angeweza kuinuliwa tu, akawekwa kwenye usukani na mguu wake wa vijiti ukanyooshwa pembeni, akajipeleka mwenyewe. Alilijua hilo peke yake, na maumivu yake yalizidi kwa kulijua.

Na nani alikuwa pale siku hiyo? Luhende. Alikuwa amekuja likizo kwa wakwe zake.

"Pole sana, ndugu yangu," Luhende alisema, na huruma yake ilikuwa ya dhati. "Mguu wa klachi wenyewe. Nipe ufunguo nikupeleke."

"Hapana," Magige alisema.

"Hapana nini?"

"Hiyo giaboksi haikujui. Nitasubiri lori."

"Mguu utakatwa, umesikia?"

"Ukatwe."

Walisema ni homa. Haikuwa homa. Magige alikuwa akiogopa, akiogopa vibaya sana, kwani upande mmoja aliuona mguu wake unatupwa na upande wa pili aliiona Bunda nzima inacheka, na kwa kweli hakujua kipi kingemuuma zaidi. Mdomo ndio uliomponza kichwa, na sasa ulikuwa umeshuka hadi mguuni.

Ndipo Wankyo alipopita katikati ya watu. Alimwinamia mumewe, akatia mkono mfukoni mwake akatoa ufunguo.

"Mlazeni kiti cha nyuma," alisema.

"Shemeji, unataka kufanya nini?" Luhende akauliza.

"Kuendesha."

Kisha uso wa Luhende ukaanza kung'aa taratibu, maana ile akiba yake ya zamani ilikuwa imefunguka. Magige aliiona inafunguka, akafumba macho. Alijua kinachofuata. Mke wake angekaa, angevuta kile kijiti chembamba, na gari lingejiendea kama kitanda mbele ya kijiji kizima.

Akasikia springi ya klachi ikilia. Akafumbua macho.

Wankyo alikuwa amekusanya kitenge chake magotini, amekanyaga pedali ya uongo hadi mwisho. Alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Aliushika mkono wa gia kwa nguvu akausukuma mbele, huku mkono mwingine ukikishusha kile kijiti kwa chini chini, kimya. Gari likaondoka. Akakanyaga tena, akauvuta mkono nyuma, gia ya pili, kwa wakati wake kabisa. Luhende alibaki ameshika kofia yake.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu ambao hawajawahi kulazwa kiti cha nyuma kutoka Mugeta hadi Musoma. Walipoiacha nyumba ya mwisho, Wankyo aliuachia mkono wa gia, akakaa vizuri, akaendesha kwa starehe, mguu wa kushoto ameupumzisha.

Walipofika Nyamuswa Magige aliinua kichwa. "Mama Nyamburi," alisema. "Ulijua lini?"

"Zamani. Nilikuwa nafagia humo ndani, huo mti wa gia ukang'oka ukabaki mkononi mwangu. Nikaurudishia."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Ulikuwa unaupenda."

Gari liliruka shimo, mguu ukamchoma, akavumilia.

"Na kuendesha?"

"Kule mji wa zamani, ulipokuwa na safari zako za lori. Nilikuwaga nawapelekea vibarua chakula shambani na hii gari." Akafikiri kidogo. "Pole na ile petroli, Baba Nyamburi. Nilikuona unahangaika na tangi nikaona huruma."

Magige aligeuza uso akautazama mgongo wa kiti. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Lakini chini ya aibu palikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea, nacho ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari lile alikuwa amepumzika ndani yake. Walipokaribia maduka ya Butiama, watu wamekaa barazani wakitazama barabara, Wankyo aliinua tena mguu wa kushoto, akang'ata mdomo, akaushika mkono wa gia. Hakuna aliyemwomba.

"Umewahi," Magige alisema kutoka nyuma kwa sauti ndogo. "Subiri injini ilie kwanza."

"Sawa," alisema, akasubiri.

Mguu haukukatwa. Walirudi kijijini, Magige kiti cha mbele, upande usio na usukani, mguu mweupe kwa plasta. Kijiji kilitoka nje. Wanawake walipiga vigelegele na Magige alielewa mara moja kwamba havikuwa vyake. Thadeo alimpa Wankyo mkono, akamwita dereva wa kijiji. Luhende alilizunguka gari, kisha akainama dirishani.

"Nikwambie ukweli, wa dereva kwa dereva," alisema. "Wewe nimekusikiliza muda mrefu. Gia zako zilikuwaga zinachelewa. Za shemeji hazisikiki kabisa. Ulimfundisha lini?"

Neno la kweli lilimjaa Magige mdomoni. Hazisikiki kwa sababu hazipo. Neno hilo moja lingezima vigelegele vyote, na Wankyo angebaki kuwa mwanamke aliyekalia kitanda kinachojiendea. Alimtazama mkewe. Mkewe alitazama mbele, mikono kwenye usukani, wala hakuomba.

"Sikumfundisha," Magige alisema. "Alijifunza mwenyewe. Ananizidi."

Ilimuuma kuliko plasta. Lakini katika yote aliyowahi kusema juu ya gari lile, hilo ndilo lililokuwa la kweli la kwanza.

Wankyo akaliondoa gari kuelekea nyumbani kwao. Wanawake walilikimbilia, wakimwita jina, wakimshika mkono dirishani, naye akiwaitikia huyu na yule, anacheka, amesahau. Injini ikalia. Gari likajibadilishia gia lenyewe, na mkono wa gia ukabaki umesimama pale katikati, haujaguswa, mbele ya macho ya kila mtu. Luhende alikuwa bado anatembea ubavuni mwa gari, ameanza kukunja uso. Magige akanyoosha mkono, akaushika ule wa gia, akautikisa vizuri.

"Jamani," Luhende akasema, "Bwana Gia amekuwa utingo wa mke wake."

Kicheko kililifuata gari mstari mzima wa nyumba. Magige alikisikia chote, mkono wake ukiwa bado juu ya kirungu, akiisikiliza injini ili asiichelewe gia ya tatu.