Mkanda wa Ghala la Igogo

Watu wa Igogo walisema tuliingia kwenye lile ghala usiku wa manane, tukiwa na jogoo mweusi. Si kweli. Tuliingia mchana wa jua kali, tukiwa na magunia ya kuziba madirisha ili tupate giza, na chupa ya chai. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na kijana mmoja tuliyeimba naye kwaya. Kamera ilikuwa moja, ile ya kaseti kubwa ya kubeba begani, ambayo kaka yangu aliniachia alipohamia Nairobi.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi harusi na vipaimara. Miaka ile ya tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, na karibu kila mtaa wa Mwanza ulikuwa na mtu aliyenunua televisheni na deki, akapanga mabenchi, akaita watu waje kutazama mapigano ya Wachina na mizimu ya Wazungu. Lakini mwanamke mwenye kamera alikuwa bado kioja. Kwenye harusi wazee waliniuliza mpiga picha yuko wapi. "Ni mimi, shikamoo," nilikuwa nawajibu, kisha naendelea na kazi.

Wazo la kutengeneza picha ya kutisha lilianzia kwenye harusi moja ya Pasiansi. Nilisahau kuzima kamera, nikateremka nayo katikati ya mawe kwenda ziwani kunawa uso. Ikarekodi ardhi, pindo la kitenge changu, na pumzi zangu. Nyumbani, tulipokuwa tunautazama mkanda, mdogo wangu alinishika mkono.

"Dada, nani huyo anapumua?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Lakini zima."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilitaka picha nzima iwe hivyo, ionekane kama kaseti iliyookotwa: vijana wameingia mahali penye mizimu huku wanajirekodi, kisha hawakutoka, imetoka kamera peke yake.

Mahali tulikuwa napo. Pale Igogo, karibu na maji, kulikuwa na ghala la pamba ambalo wenyewe walilitelekeza bei ya pamba ilipovurugika. Ndani walibaki popo. Jua likipanda mabati yalilia, na watu wakasema ni makuli waliokufa zamani wanapanga marobota. Ufunguo alikuwa nao bibi mmoja, mjane wa mlinzi wa zamani, aliyeishi kwenye chumba cha mlinzi pale pale uani. Alikuwa anakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Moshi ulikuwa umemharibia macho. Yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi kutwa. Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu ana jina analopewa, na wapo waliokatwa mapanga kwa jina hilo. Mtaani watu walinunua samaki wake, wakapokea chenji bila kumtazama usoni.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, wajukuu zangu. Niwafungie wangapi?"

Nikamweleza kwamba tunataka kurekodi picha ya mizimu humo ghalani. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Nimelala hapa tangu mume wangu yu hai. Mzimu haujawahi kunirushia jiwe. Wanaonirushia mawe usiku nawajua kwa sauti, wengine nimewalea." Akafungua fundo la kanga, akatukabidhi ufunguo.

Tulirekodi siku kadhaa. Kijana wa kwaya alifunga kamba kwenye mabati, akawa anayatikisa akiwa amejificha. Mimi nilikimbia na kamera, nikahema, nikajiangusha juu ya magunia. Siku moja popo walimvamia mdogo wangu, akapiga ukelele ambao hakuna mwigizaji angeuweza. Tuliuacha ulivyo.

Nikaupeleka mkanda kwa mwenye kibanda cha video, mtu mwenye maneno matamu. Aliutazama amekunja mikono. Kuna sehemu natoka mbio mlangoni, na nje bibi anakatiza ua na beseni kichwani, moshi nyuma yake. Anageuka, anaitazama kamera kidogo tu, anapita. Mwenye kibanda aliruka kwenye kiti.

"Simamisha! Rudisha nyuma! Huyo ndiye picha yako. Malizia na huyo. Nje nitaandika: mchawi wa Igogo anaswa. Watajaa mpaka barabarani."

"Huyo ni bibi anayekaanga samaki."

"Namjua. Nanunua kwake."

"Unakula samaki wake, halafu unataka wamuue?"

"Nani kataja kuua? Hii ni burudani, dada yangu."

"Basi burudani hiyo huipati."

Akasema bila bibi ule mkanda ni watoto wanakimbiakimbia tu, hauonyeshi kwake. Nikamwambia na usionyeshwe. Nikaichomoa kaseti yangu, bado ina joto la deki, nikatoka.

Mdomo wake haukunyamaza. Haikupita wiki, mtaa mzima ukawa unasema kuna kaseti inayomwonyesha yule bibi katika umbo lake halisi. Wengine waliapa kwamba humo anatembea bila miguu. Balozi wetu wa nyumba kumi akanitumia ujumbe: niulete mkanda, vijana wa mtaa wauchunguze.

Mama yangu alinisihi. "Mwanangu, wape. Ni plastiki tu ile."

"Nikiwapa, mama, watatoka waseme wameona wanachotaka. Nani atawabishia?"

Kabla ya kumjibu balozi nilimleta bibi nyumbani, nikamwekea mkanda autazame. Alikuwa hajawahi kujiona kwenye picha inayotembea. Ilipofika sehemu yake nikasimamisha. Sura yake ilitetemeka pale kwenye kioo, macho mekundu, moshi. Akasogea karibu na kioo.

"Kumbe ndivyo wanavyoniona," akasema. "Hata mimi ningeogopa."

"Nitaifuta, bibi."

"Usifute. Ukifuta watasema nimeifuta kwa dawa. Rekodi tena. Kama nimo humo, niachwe niseme."

Kesho yake tukarudi. Alikuwa amevaa kitenge safi na kuketi mbele ya moto wake kama siku zote. Nilikuwa nimemwandalia maneno, akayakataa. Tulipanga kwamba sisi tutoke ghalani tukikimbia mizimu, tumkute pale, tumpite tukipiga kelele. Tukatoka. Bibi akainua uso, akaitazama kamera bila kupepesa.

"Mnamkimbia nani? Macho haya ni ya moshi. Mnakula samaki, hamuulizi moshi wake unaingia wapi. Anayetaka kunijua aje akae hapa, upande huu unaopulizwa na upepo, tukaange wote. Mchana nipo, usiku nipo. Siendi popote."

Kijana wa kwaya alisahau kukimbia. Akachuchumaa karibu na moto. Hatukurudia.

Nikaenda kwa balozi mikono mitupu. "Kaseti ni yangu, mzee, siitoi. Anayetaka kuiona aione hapa uani kwako, mbele ya watu wote, na bibi akiwepo." Balozi hakupenda, lakini alipenda zaidi kuonekana mtu wa haki. Jumapili baada ya misa tukatundika turubai kuzuia mwanga, tukavuta umeme kwa jirani. Ua ulijaa. Vijana walisimama nyuma, mmoja ana panga, anadai ametoka shamba. Nilimketisha bibi benchi la mbele, nikaketi kulia kwake. Mama yangu, yule yule aliyenisihi, akaja akaketi kushoto.

Mwanzoni watu walicheka kutuona sisi. Kisha mabati yakaanza kulia kwenye televisheni, pumzi zangu zikasikika, na kicheko kikakatika. Mdogo wangu alipopiga ukelele, benchi zima lilipinduka na baba mmoja mnene akaruka ukuta wa jirani. Niliona raha isiyo kifani. Tuliwatisha, tena mchana.

Ndipo bibi akatokea na beseni lake. Halafu moto, kitenge safi, na sauti yake inatoka kwenye spika. Yeye mwenyewe pembeni yangu alijisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa nguvu, "Naam!"

"Picha inaweza kudanganya," alisema yule wa panga.

Bibi hakugeuka. "Basi achana na picha. Njoo mbele unitazame mimi."

Hakuja. Alisimama pale, na watu wote waligeuka kumwangalia yeye badala ya bibi. Mama yangu akamwambia, "Si umeitwa? Njoo." Baadaye kidogo nikaona nafasi aliyosimama iko wazi.

Sitadai kwamba wote waliamini. Mawe yalirushwa tena kwenye paa la bibi, ila safari hii balozi alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa warushaji. Binti wa bibi alivuka kwa feri kutoka Sengerema kuja kumchukua. Bibi akampikia, akamfungia samaki, akamrudisha. Kiongozi wa kwaya alinitaka nisimame mbele ya wenzangu niombe radhi kwa kuchezea mizimu. Nikamuuliza nimwombe radhi nani, popo? Niliacha kwaya, sikuacha kamera.

Mwenye kibanda alikuja pia, akasema sasa yuko tayari kuuonyesha mkanda kama ulivyo. Nilimkatalia. Nilibeba televisheni kwa toroli mpaka ufukweni, kwa wanawake wanaokaanga samaki, nikauonyesha huko, na Pasiansi, na hata Sengerema kwa binti wa bibi. Bibi alikuwa anakuja nami kila alipoweza. Anaketi mbele na macho yake mekundu, mizimu haimshughulishi hata kidogo, na sehemu yake ikikaribia anawaambia walio karibu wanyamaze.