Tuliyemfungia Kwenye Buti

Sogea karibu unisikilize, kwa sababu jambo hili ukilisikia nusu utadhani nimelitunga. Sikulitunga. Lilinitokea barabarani, jua likiwaka, na wapo watu watatu walio hai watakaokuambia kwamba waliniona nikitoka ndani ya buti la gari nikiwa nimelowa mpaka mabegani. Ambacho wao hawakukiona ndicho nitakachokueleza. Usiwe na wasiwasi, nitakwenda polepole.

Kazi yangu ni kufundisha udereva mjini Migori. Nina gari dogo la zamani, lina herufi L mbele na nyuma, na kila mtoto wa mtaani anajua jinsi linavyozimika. Mimi si Mjaluo. Nilizaliwa Voi, kazi ikanileta huku, na majirani wakanifanya mtu wao. Mmoja wa majirani hao ni Mama Odhiambo, anayeuza nguo za mitumba sokoni. Mwanawe Odhiambo alikuwa fundi wa injini za boti kule Homa Bay. Siku moja aliingia ziwani kujaribu injini aliyoitengeneza mwenyewe, na boti ikapinduka. Boti ilipatikana. Injini ilipatikana. Odhiambo hakupatikana.

Sasa nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Kwa Wajaluo, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, haachwi huko. Linazikwa tunda la yago badala yake. Yago ni ule mti ambao wengine huuita mwegea, na tunda lake ni refu na zito, limepauka kama gogo lililokaa juani. Watu wa nyumbani hufika mpaka ukingo wa ziwa, humwita marehemu kwa jina lake, kisha hulifunga lile tunda kwa sanda. Tangu hapo, si tunda tena. Ni yeye. Hulazwa kaburini na kuliliwa kama mtu, kwa sababu ni mtu.

Ndiyo safari niliyoombwa kuendesha. Tulikuwa watatu: mimi, Mama Odhiambo, na mwanawe mkubwa Okoth, ambaye ni shemasi katika kanisa lao. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya Awendo, ndani kidogo, na kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Kaburi lililochimbwa halilali wazi. Wanasema likilala tupu, litajitafutia mtu mwingine katika boma hilo hilo. Mjane wa Odhiambo alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na asubuhi ile tulipoondoka niliona watu wazima wakimtazama yule mtoto, kisha wakitazama pembeni. Kwa hiyo ilikuwa lazima tufike kabla ya jua kuzama.

Kule ufukweni Homa Bay mama alimwita mwanawe. Sitakuigizia sauti ile. Aliita mpaka wachuuzi wa samaki wakanyamaza. Tunda lilipofungwa, akanyoosha mikono alipokee.

"Mama, ngoja," Okoth akasema. "Tutapita mbele za watu. Tutapita kwa polisi. Watasema shemasi anabeba vitu vya mizimu. Tuliweke kwa buti."

"Okoth, huyu ni ndugu yako."

"Najua, mama. Si nimekuja?"

Mama alikuwa amechoka kulia na kubishana. Basi nikafungua buti, tukamlaza kando ya jeki, pamoja na zile koni za plastiki ninazotumia kufundishia maegesho, tukamfunika kwa turubai, nikafunga. Hakuna aliyesema neno. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba anayepelekwa nyumbani hivyo huzungumzishwa njia nzima, huambiwa anakopita. Mama alidhani Okoth atasema, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Okoth aliona haya. Mimi sikujua.

Tulipokwisha kupita mji mdogo wa Rodi, tairi la nyuma likapasuka.

Pancha si jambo kubwa, si ndiyo? Lakini tairi la akiba la gari langu liko chini ya zulia la buti. Nikatia ufunguo. Ukazunguka, ukaendelea kuzunguka, kama kijiko ndani ya chai. Nikaenda kwenye kile kishikio kilicho sakafuni kando ya kiti cha dereva, kinachofungua buti kwa waya. Nikavuta. Kikaja chepesi, kama hakuna kitu upande wa pili.

Mwendeshaji wa bodaboda, mwanamume mnene wa rika langu, akasimama kutuangalia. Aliona ile herufi L, akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Mwalimu! Kumbe hata nyinyi mnafeli?"

"Buti limekataa kufunguka, bwana."

"Uliza mwanafunzi wako. Ndani kuna nini?"

"Mizigo tu," Okoth akajibu haraka.

Na hapo, niamini, buti likabishwa kutoka ndani. Usifikiri ni tunda lililobingirika. Gari lilikuwa limesimama, na ile ilikuwa sauti ya vidole, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi.

Yule wa bodaboda aliacha kucheka. "Mizigo gani hiyo?" akauliza, na bila kungoja jibu akaisukuma pikipiki yake hadi ng'ambo ya barabara. Hakuondoka, wala hakukaribia.

Okoth alinyakua spana ya magurudumu iliyokuwa chini ya kiti avunje kufuli. Jasho lilikuwa likimtiririka. Mama akasimama mbele yake, mgongo wake ukiegemea buti.

"Utamvunjia ndugu yako mlango?"

"Mama, jua linaenda! Unataka kaburi lilale wazi?"

"Nimesema hapana." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, hakuna njia nyingine ya kuingia?"

Ipo, na ni vizuri kila mwenye gari aijue. Magari mengi yana vishikio vidogo juu ya kiti cha nyuma. Ukivivuta, mgongo wa kiti unalala na buti unaliona. Langu ni la zamani, halina. Kwa hiyo unaanza kwa kunyanyua kalio la kiti kutoka mbele mpaka liachie. Chini yake utaona boliti zinazoshika mgongo wa kiti. Ukizifungua, unausukuma mgongo juu, unatoka kwenye ndoano zake. Nyuma yake kuna uwazi unaotosha mabega ya mtu asiye mnene sana. Unajipenyeza, unapapasa mpaka kwenye kufuli, unalisukuma kwa kidole kutoka ndani. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa wateja waliofungia funguo. Si kazi ngumu.

Nikawasha tochi ya simu, nikaingiza kichwa na mabega.

Wewe unajua buti la gari dogo lilivyo. Ukinyoosha mkono unagusa mwisho. Mimi nilinyoosha mkono na sikugusa kitu. Nikamulika mbele, na mwanga ukaenda, ukaenda, usipate pa kutua. Nikajivuta tena. Zulia chini ya kifua changu lilikuwa limelowa, na nilipoligandamiza kwa kiganja halikuwa zulia, ulikuwa mchanga. Hewa ya baridi ikanipiga usoni, yenye harufu ya magugu ya ziwani. Nikasikia maji yakija na kurudi, yakija na kurudi, bila haraka. Nikainua macho.

Palikuwa na nyota.

Nakuomba usicheke. Miguu yangu ilikuwa bado nje kwenye mlango wa gari, jua likinichoma visigino, na nilisikia lori la miwa likipita barabarani. Lakini mbele yangu ulikuwa usiku, mpana na mtulivu kuliko usiku wowote niliowahi kuuona, na nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilishuka mpaka majini na sikuweza kusema ziwa linaanzia wapi. Je, niliogopa? Niliogopa. Lakini zaidi ya woga nilijiona mdogo, kama mtu aliyeingia ibadani amechelewa akakuta watu wote wamepiga magoti.

Mkono ukanishika kifundo cha mkono wa kulia. Ulikuwa baridi, wenye nguvu, umejaa grisi.

"Samahani," mtu akasema kwa Kiswahili. "Hapa ni wapi?"

Alikuwa amechuchumaa kando yangu. Uso wake sikuuona vizuri. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya abiria aliyeamka mahali asipopajua na anaona haya kuuliza.

"Wewe ni Odhiambo?"

"Ndiyo. Nilimsikia mama akiniita, nikamfuata. Halafu nikafungiwa, na hakuna aliyeniambia kitu. Nimekaa hapa najiuliza kama ni kweli nilimsikia, au ni maji tu."

Sikujua dua ya kusema. Sijui maneno ya wazee. Kitu pekee ninachokijua ni kumweleza mtu barabara, na hilo ndilo nililofanya.

"Ulimsikia," nikamwambia. "Uko ndani ya gari langu. Tumepita Rodi. Mbele ni Rongo. Pale Rongo tutakunja kulia. Kushoto ni Kisii, huko hatuendi. Tutashuka mpaka Awendo, pale malori ya miwa yanapopanga foleni, tutapita, kisha tutaacha lami tuingie kwenu."

Alikuwa akisikiliza kwa makini. "Awendo kuna matuta," akasema.

"Nayajua. Nitapunguza mwendo."

"Mama yupo?"

"Yupo nje, ameegemea buti."

"Na Okoth?"

"Yupo pia."

"Amenionea aibu."

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu mtu kama yule hadanganyiki. "Lakini alikuja. Na sasa anatokwa jasho."

Nadhani alicheka. Ilikuwa pumzi fupi puani. "Mwambie aweke spana chini. Kufuli ni zima. Mimi ndiye niliyelishika. Niliogopa likifunguliwa nitajikuta nimerudishwa kule."

Nilimjibu vile ninavyomjibu mwanafunzi aliyeukaza usukani mpaka vidole vikafa ganzi. "Umefanya vizuri mpaka hapa. Sasa achia. Taratibu. Hakuna anayekurudisha, tunakupeleka nyumbani."

Kifundo changu kikaachiwa. Nikasikia kufuli likilia, ka! Buti likanyanyuka lenyewe, na mchana ukaniangukia machoni.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye buti la kawaida, pua yangu ikigusa jeki. Kando yangu lilikuwa tunda la yago ndani ya sanda yake, na sanda ilikuwa ikichuruzika maji. Mimi pia. Kwenye kifundo changu cha kulia palikuwa na alama nyeusi za vidole.

Mama aliushika mkono wangu, akaunusa. "Hii ni grisi ya injini," akasema polepole. Kisha kwa Kijaluo, "Mano wuoda." Huyo ni mwanangu.

Nikamweleza Okoth yote, neno kwa neno, hata lile la aibu. Hakubisha. Aliweka spana chini, akavua koti lake la kanisani, akalitandaza, akamnyanyua ndugu yake kwa mikono yake miwili palepale kando ya barabara, magari yakipita na watu wakichungulia madirishani. Yule wa bodaboda alivuka akiwa amevua kofia yake ya chuma. Alinisaidia kubadilisha tairi na kurudisha kiti, na hakutania tena hata neno moja.

Safari iliyobaki, Odhiambo alikaa kiti cha nyuma, kati ya mama yake na kaka yake. Okoth ndiye aliyezungumza. "Odhiambo, hii ni Rongo. Tunakunja kulia sasa. Unaona, omera, ndugu yangu? Hii ni Awendo." Kwenye matuta nilipunguza mwendo mpaka gari likakaribia kuzima. Tulifika jua likiwa bado juu ya migomba. Kaburi lilifungwa kukiwa bado na mwanga, na yule mtoto mchanga alilala mgongoni mwa mama yake mazishi yote, hata nyimbo hazikumwamsha.

Gari nililipeleka kwa fundi. Akalijaribu lile kufuli, akautazama waya, akaniuliza nimemletea nini cha kutengeneza. Grisi ilitoka kwa mafuta ya taa na sabuni. Baridi haikutoka. Mpaka leo kifundo changu cha kulia ni baridi kuliko cha kushoto, hata saa saba mchana. Mwanafunzi mgeni akinigusa tukibadilisha gia hushtuka na kuomba radhi, nami humwambia atazame barabara.

Okoth bado ni shemasi. Kuna waliomkabili nje ya kanisa. "Shemasi, ni kweli ulibeba yago mbele ya watu?" Yeye huwajibu, "Nilimbeba ndugu yangu," na kuingia ibadani.

Sikuambii uamini ninachoamini mimi, wala sikuombi ubadilishe dini yako. Lakini ipo siku utaitwa kumleta mtu wako nyumbani, kwa namna yoyote ile watu wenu wanavyofanya, na siku hiyo utakuwa na haya, au haraka, au uchovu. Siku hiyo usimfungie nyuma pamoja na mizigo. Mweke mnapokaa, mwite kwa jina lake, na mwambie kila kona kabla hujaikunja.