Msiba wa Gari la Baba

Harufu ya oili iliyoungua haijanitoka kichwani mpaka leo. Mtaani Gerezani nilikokulia, penye gereji kila kona, oili ilikuwa kila mahali: kwenye mchanga wa njiani, kwenye mashati ya mafundi, hata kwenye maji ya mvua yaliyotuama mbele ya nyumba yakimetameta rangi rangi. Tuliizoea kama watu wa ufukweni wanavyozoea shombo la samaki. Lakini harufu ninayoisema ilikuja asubuhi moja masika yakikaribia, nzito na chungu kooni, ikamtangulia baba aliyekuwa akilisukuma gari lake akisaidiwa na wapita njia wawili. Aliliegesha ukutani karibu na dirisha la chumba chetu, akainua boneti, moshi ukamfunika uso, akalishusha tena taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Kisha akakaa barazani na kuomba maji ya kunywa, na mama alipompelekea aliyashika tu mkononi bila kuyanywa.

Tulikuwa wapangaji katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua wa nyuma ambao ni wa wote. Baba alikuwa dereva wa teksi bubu. Gari lake halikuwa na kibali wala mstari ubavuni, wateja walimtambua kwa sura na kwa kikohozi cha injini yake. Aliwabeba wafanyabiashara wa Kariakoo na marobota yao ya vitenge, vyungu vyao, magunia yao ya vitunguu, na gari likanyong'onyea nyuma hadi bomba la moshi likawa linabusu lami. Lilikuwa jeupe zamani. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, likitoka kwa mtu aliyelinunua kwa mtu aliyeliagiza ng'ambo likiwa mtumba, kwa hiyo hata sisi hatukujua umri wake. Kabla ya kuanza kazi, kila alfajiri alimpeleka mama soko la samaki la Feri kununua samaki wa kukaanga na kuuza, na kumrudisha kabla jua halijakolea. Mama alikuwa na miguu iliyovimba tangu alipomzaa mdogo wangu, na mwendo mrefu ulimtesa. Hivyo gari lile lilikuwa kazi ya baba na lilikuwa miguu ya mama, na siku lilipozimika tulihisi kama nyumba nzima imezimika.

Fundi Shomari, rafiki wa baba wa siku nyingi, alikuja jioni hiyo hiyo. Alisikiliza, akanusa kijiti cha kupimia oili, akatikisa kichwa. "Imenoki," alisema. Neno hilo kila mtoto wa Gerezani alilijua kabla hajajua kuhesabu, maana yake injini imejigonga yenyewe kwa ndani mpaka imekwisha. Baba akauliza kama kuna namna. Fundi akajibu kama mafundi wote wanavyojibu: "Tufungue kwanza, tuone." Sasa nimekuwa mtu mzima najua kwamba hakuna neno la hatari kama hilo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na injini ikishafunguliwa hairudi kuwa injini ila kwa gharama, wala huwezi tena kumdanganya mnunuzi kwamba ni ugonjwa mdogo. Waliifungua pale pale njiani, vyuma vikatandazwa juu ya gunia, na Fundi Shomari akamwonyesha baba palipolika. Akasema njia ni mbili. Ama ainunue injini nyingine ya mtumba kwenye yale maduka ya vipuri, zinakolala zimerundikwa hadi darini, aifunge gari liamke. Ama aliuze kama lilivyo kwa wale wanaoyachinja magari na kuuza kiungo kimoja kimoja.

Sisi akiba hatukuwa nayo. Kitu pekee nyumbani kwetu ambacho kingeweza kugeuka injini kilikuwa kiwanja cha mama kule Chanika. Kiwanja hicho alikipata kwa samaki. Alicheza upatu na wanawake wenzake miaka mingi, zamu yake ilipofika akanunua ardhi badala ya kununua kitanda, na watu wakamcheka kwamba anajizika porini. Alikuwa amejenga msingi ukafika usawa wa goti langu, na pembeni akarundika matofali yake yakaota ukungu. Baadhi ya Jumapili alinichukua twende kung'oa majani. Tukifika alivua viatu, akapita juu ya ule msingi akinionyesha: hapa sebule, hapa chumba chenu, hapa jiko, na jiko hili halitakuwa la wote. Ndicho kilichokuwa kwenye mizani mwaka ule. Injini ya baba au nyumba ya mama, na vyote viwili haviwezekani.

Masika yakaingia na baba hajaamua. Gari lilikaa juu ya mawe, matairi yakiwa yamehifadhiwa uvunguni mwa kitanda chetu, mvua ikalipiga, kutu ikaanza kuchungulia chini ya milango. Kila aliyepita alikuwa na ushauri. Mmoja alisema injini za siku hizi si kama za zamani, baba asiliache gari zuri. Wa pili alisema gari kuukuu ni kama jino bovu, ukiliziba leo litakuuma kesho mahali pengine. Wengine walisema badilisha bodi, wengine sali sana. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini nadhani hawakuwahi kuwa na gari bovu mbele ya nyumba yao. Baba aliwasikiliza wote, akakubaliana na wote, na kila asubuhi alichukua kitambaa akalifuta gari vumbi kama vile mteja anasubiri. Polepole wapangaji wakalizoea. Mmoja akaanika kanga zake juu ya boneti, mwingine akahifadhi mkaa kwenye buti usilowane, na kuku wa nyumba ya pili akataga kwenye kiti cha nyuma. Mimi nililipenda lile gari, nikalionea huruma, nikaona aibu kwa niaba yake.

Mama hakulalamika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliamka mapema zaidi, akaenda Feri kwa miguu na kurudi na ndoo kichwani, akakanda miguu yake kwa maji ya chumvi, akawasha jiko. Harufu ya samaki wa kukaanga ilichanganyika na ile ya oili nikazichoka zote mbili. Jioni moja nikichambua mchele ukumbini niliwasikia wakizungumza. Baba alisema kwa sauti ya chini kwamba bila gari yeye si mtu, kwamba mwanamume hawezi kushinda barazani na wazee wakati mkewe anabeba ndoo. Alisema kiwanja kitapatikana tena, Mungu akipenda. Mama akamwambia, "La kuvunda halina ubani, Baba Zuhura. Lakini wewe ndiye baba wa nyumba, ukisema kiuzwe, kiuzwe." Aliyasema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kubeba kitu kizito na sasa anaombwa akibebe tena. Zuhura ni mimi. Nilitamani mmoja wao apige kelele ili jambo liishe.

Hapa lazima nimlete Mama Kulwa, aliyepanga chumba cha mwisho karibu na mlango wa uani. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mama wa mapacha, akiuza asali na mchele sokoni Kariakoo. Baba ni Mzaramo. Kwa msomaji asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Atakutukana mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Atachukua kofia yako aende nayo na huna wa kumshtakia, kwa sababu cha mtani hakidaiwi. Na ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kuharibu majonzi: ataigiza mwendo wa marehemu, atalala njiani kulizuia jeneza, na hatainuka mpaka apewe chochote. Mama Kulwa na baba walitaniana kila siku ya Mungu. Yeye alimwita baba mla nazi, baba alimwuliza mzigo wake ameutua wapi, maana Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa misafara ya zamani. Lakini tangu gari lilipokufa Mama Kulwa alikuwa amekaa kimya na utani wake, jambo lililonishangaza. Nadhani alikuwa akingoja msiba uive.

Mnunuzi wa kiwanja alipatikana mvua zikipungua. Ilikuwa Jumamosi. Baba alivaa kanzu na kofia yake ya Idi, mama akavaa baibui, wakawa wanatoka kwenda Chanika kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sikuwahi kumwona mama akijifunga baibui polepole vile. Walipofika mlangoni wakasikia kilio. Mama Kulwa alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, miguu mitupu, amejitupa chali katikati ya njia mbele ya gari, mikono kifuani, analia kwa sauti ya matanga. Alimtaja marehemu kwa sifa zake zote. Kisha akainuka, akaanza kumwigiza: kile kikohozi cha asubuhi, ule mguno wa kupanda na mzigo, ule mlango wa nyuma uliofunguka wenyewe kwenye kona. Watu wakajaa. Mafundi waliacha spana zao wakaja. Baba alisimama amekunja uso, akajitahidi, akashindwa. Alicheka mpaka akakalia ngazi ya baraza na kanzu yake nyeupe, machozi yakimtoka, na kwa muda sikujua kama bado anacheka. Kifo cha wengi harusi, wanasema, na kwa dakika zile tulikuwa na harusi.

Mama Kulwa alirudi kulala njiani. Baba alipomwambia aondoke wapite, watachelewa, alijibu kwamba msafara haupiti. Kisha sauti yake ikabadilika. Hakuipandisha, lakini kila mtu aliisikia.

"Mzaramo, maiti yako imelala nje masika mazima, umeona wapi? Na leo unakwenda kuitafutia sanda. Sanda yenyewe ni kiwanja cha mkeo."

Hakuna aliyecheka tena. Ndugu yeyote angesema hivyo, pangezuka ugomvi wa miaka. Jirani angeambiwa hayamhusu. Fundi Shomari, aliyejua tangu siku ya kwanza kwamba bodi lenyewe lilishakwisha, hakuweza kumwambia rafiki yake. Mama yangu alikuwa na haki kuliko wote na hakuweza. Ni mtani tu aliyeweza kulitamka, na baba hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Nilimtazama mama. Alikuwa amegeukia ukuta, kidole gumba akikibonyeza mdomoni.

"Niinuke kwa kipi?" Mama Kulwa aliuliza, akinyoosha kiganja pale alipolala.

Baba alipapasa mfuko wa kanzu. Angeweza kumpa nauli. Alitoa ufunguo wa gari, akautazama kidogo, akainama akauweka kwenye kiganja kile. Mama Kulwa aliufumba, akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda zake ndani. Cha mtani hakidaiwi, kwa hiyo gari halikuwa letu tena, na hapakuwa tena na gari la kulinunulia injini. Baba alivua kofia. Alimwambia mama wabadili nguo, leo hawaendi popote. Wiki iliyofuata Mama Kulwa aliwaleta wachinja magari, akapatana nao kwa ukali kuliko baba angeweza, na alichopata alimfungia mama kwenye pindo la kanga. Baba hakutoka chumbani siku walipolivuta.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mema. Mama aliipata nyumba yake, chumba baada ya chumba, na jiko lisilo la wote, na tukahamia Chanika nikiwa karibu kumaliza shule. Lakini baba hakuwahi kuendesha gari lake tena. Aliajiriwa kuendesha magari ya watu, akaachishwa, akauza mkaa. Chanika ilikuwa mbali na kila alichokijua, na akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama barabara, akiyasikiliza magari yanayopita na kututajia maradhi yao. Hakumlaumu mtu. Nilikuwa nikimwona nachoka moyo, kwa sababu uamuzi ulikuwa sahihi na bado ulikuwa umemmaliza. Sijui kama hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Siku hizi Gerezani pale penye nyumba yetu pamesimama ghorofa la maduka, na mabasi ya mwendokasi yanapita karibu. Mimi nina gari langu, nalo ni mtumba, na mwezi uliopita injini yake ilinoki. Nimeutangaza msiba huo kwenye kundi la simu la ukoo. Nimepewa pole nyingi, nimetumiwa mikono ya kuomba dua, nimetumiwa namba za mafundi. Kila mtu ni mstaarabu. Hakuna aliyeniambia ukweli, nami nimemwambia fundi afungue kwanza, tuone.

Baba alifariki mwaka juzi. Mama Kulwa alikuwa amekwisha kurudi Tabora na kuzikwa huko. Mapacha wake, ambao wapo hapa hapa mjini, walikuja wote wawili, wakavaa vizuri, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakatoa rambirambi zao na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Watu waliusifu msiba ule kwa utaratibu wake. Wanaume walipoliinua jeneza, nilikuwa mlangoni na wanawake wenzangu, nimemshika mama. Yeye na mimi tulitazama njiani kwa pamoja, na hatukuambizana tunatazama nini. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna aliyejilaza. Wakapita naye moja kwa moja.